Mtu Anapotusimulia Tuliyojionea

Kuna swali ambalo huzungumzwa mara nyingi hapa kwetu Ibaba, hasa jioni, watu wanapotoka shamba na kuketi mbele ya televisheni. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki kumkasirikia mtu anayetusimulia jambo ambalo tumekwisha kuliona kwa macho yetu wenyewe? Kiongozi amemaliza kuhutubia, wote tumemsikia. Papo hapo hutokea mabwana watatu waliovaa suti, na pengine bibi mmoja, wakaketi na kuanza kutueleza kiongozi yule alisema nini na alikuwa na maana gani. Hapo mzee mmoja huguna, mwingine huondoka kwenda kuangalia ng'ombe, na wa tatu hujibizana na kioo kana kwamba wale mabwana wanamsikia. Jambo hilo hilo twaliona inapotokea sinema ya zamani kutengenezwa upya. Watu waliokuwa wakiipenda ile ya kwanza hukasirika kabla hata ya kuitazama ya pili.

Wengi hudhani haya ni mambo mawili mbalimbali, moja la siasa na jingine la starehe tu. Sisi twaona ni jambo moja. Mchambuzi wa siasa na mtengenezaji wa sinema ya marudio wote hushika kitu ambacho tayari kilikwisha kuwapo, wakakitoa tena kwa namna yao. Na hasira inayotupata ni moja, ile ya mtu aliyeona jembe lake mkononi mwa jirani. Basi yafaa tuichungue hasira hiyo, maana hasira nyingine ni ya haki na nyingine ni ya mazoea tu, na kwa nje zote zina sura moja.

Tuanze na sinema, kwa kuwa humo hakuna chama wala uchaguzi, na mtu aweza kufikiri kwa utulivu. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa sinema ya michoro iitwayo The Lion King, habari za mwana wa simba aliyeikimbia nchi ya baba yake baada ya baba huyo kuuawa na ndugu yake mwenyewe. Wachoraji wake walikuwa wamekuja Kenya kuitazama nchi, na majina mengi waliyachukua katika lugha yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, Sarabi, na hata Shenzi, neno ambalo wazee wetu walilisikia sana kwa mabwana wa zamani na ambalo Wamarekani wale wamempa fisi. Mwaka 2019 kampuni ile ile ikaitengeneza upya, chini ya uongozi wa Jon Favreau. Safari hii hawakuchora kwa mkono, bali walitumia kompyuta kwa ustadi mkubwa hata simba wale waonekana kama wale wa Ruaha. Hadithi ni ile ile. Hata sauti ya Mufasa, baba mtu, ni ya mtu yule yule, James Earl Jones, ambaye alifariki mwaka 2024.

Nyumbani kwetu sinema hizi mbili zimeleta ubishi usiokwisha. Watoto wetu waliiona ile ya kwanza kwenye kanda ya video. Wajukuu wameiona ya pili kwenye simu. Wakikutana wakati wa Krismasi, wengine wakitoka Tunduma na wengine Mbeya, ubishi huanza kabla chai haijapoa. Watoto husema simba wapya hawacheki wala hawalii. Baba amekufa, na sura ya mtoto ni ile ile ya mnyama anayengoja mvua. Wajukuu nao husema ile ya zamani ni michoro tu. Tumewasikiliza kwa miaka kadhaa sasa, na twaona kwamba kila mmoja aliyoiona kwanza ndiyo anayoiita ya kweli. Hiyo ndiyo hasira ya mazoea. Haimwambii mtu lolote kuhusu sinema. Humwambia tu alikuwa na umri gani alipoiona.

Sisi wenyewe tulizitazama zote mbili tukiwa watu wazima, na lililotushangaza ni kwamba hakuna mtu hata mmoja katika nchi ile yote. Hakuna mchunga ng'ombe, hakuna moshi wa jikoni. Hilo ni sawa katika ya kwanza na katika ya pili. Ukifikiri vema, hata ile ya 1994 ni marudio. Kitu cha kwanza ni nchi hii na lugha hii, na kitu hicho hakikuombwa ruhusa. Maneno "hakuna matata" yalikwisha kuimbwa na bendi ya Them Mushrooms ya Kenya mwaka 1982, na kabla yao yalikuwa midomoni mwa watu. Mwaka 2003 kampuni ile iliyaandikisha Marekani kuwa alama yake ya biashara, kwa ajili ya mavazi. Mwaka 2018 Mzimbabwe mmoja alianzisha ombi la kupinga, na watu wengi sana wakatia sahihi. Ni kweli kwamba alama kama hiyo haimzuii mtu yeyote kutamka maneno hayo, na tusiseme zaidi ya ilivyo. Lakini hasira ile twaielewa, nayo si ya mazoea. Kusimulia upya ni jambo moja. Kuweka mkono juu ya kitu cha kwanza na kusema ni changu, hilo ni jambo jingine.

Sasa tumtazame msimulizi wa namna nyingine, ambaye tulimjua zamani kabla ya wachambuzi wa televisheni. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa sinema uliokaa Vugiri, katika milima ya Usambara, uliosimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misioni kwa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Gari lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, na nchi ambazo leo twaziita Malawi na Zambia, jirani zetu. Picha zenyewe hazikuwa na sauti. Maneno yalitoka kwenye sahani ya santuri, au palikuwa na mtu aliyesimama na kipaza sauti akiwaeleza watu, kwa lugha yao, kile walichokuwa wakikitazama. Miaka sitini baadaye kazi hiyo ilifufuka Dar es Salaam. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alichukua sinema za Kihindi, za Kichina, za Kimarekani na za Kinigeria, akaweka sauti yake juu yake kwa Kiswahili, na kanda zake zikafika mikoani. Waliokaa katika vibanda umiza watakumbuka. Msimulizi wa namna hiyo hatafsiri tu. Hueleza, huonya, humcheka adui, humshauri shujaa asiingie chumba kile, na huongeza chumvi yake mwenyewe bila haya.

Hatukumbuki mtu hata mmoja aliyewahi kutoka katika kibanda akilalamika kwamba amepotoshwa, ijapokuwa maneno mengi ya wasimulizi hao hayakuwamo kabisa katika sinema. Kwa nini basi tunamsamehe huyu, na mchambuzi wa siasa hatumsamehi? Twadhani sababu ni rahisi. Msimulizi wa kibandani husema huku picha ikiendelea. Akisema bwana yule anacheka, nawe wamwona analia, hakuna aliyedanganyika. Mtachekea kosa lake pamoja. Kitu cha kwanza kiko pale pale mbele ya macho, na kila aliyelipa kiingilio aweza kumpima.

Wapo pia wanaosimulia upya wakatuambia wazi kwamba wanasimulia upya. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969 alieleza kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni na si yule wa historia. Twadhani hakupoteza chochote kwa kusema hivyo. Wanafunzi wetu walimpenda Kinjeketile yule, na bado tuliweza kuwafundisha Vita vya Maji Maji kama somo jingine, bila vitu viwili kugombana.

Basi na tuje kwenye siasa. Bara hatukuwa na televisheni ya kwetu mpaka mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi. Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini hivi, na Televisheni ya Taifa ilikuja mwaka 2000. Kwa hiyo sisi wa umri huu tulikuwa na watoto tayari wakati tulipomwona mwanasiasa akisema ndani ya sanduku. Kabla ya hapo tulikuwa na Redio Tanzania. Msidhani kwamba zamani hapakuwa na wachambuzi. Walikuwapo, tena wakali, na kila mmoja alijua wanasema kwa niaba ya nani. Lakini kipindi chao kiliitwa Mazungumzo Baada ya Habari. Jina lenyewe lilitaja utaratibu. Habari kwanza, mazungumzo baadaye.

Kwa miaka kadhaa televisheni nayo ilifuata utaratibu huo, hasa kwa habari za Bunge. Vikao vilionyeshwa moja kwa moja kutoka Dodoma. Mbunge aliuliza, waziri akajibu, spika akawanyamazisha waliopiga kelele, nasi tukaona nani anasinzia. Kisha Januari 2016 Serikali ilitangaza, kwa kinywa cha waziri wa habari wa wakati ule, Ndugu Nape Nnauye, kwamba TBC haitaendelea kuonyesha vikao vyote moja kwa moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Mahali pake kikawekwa kipindi cha usiku, Leo Katika Bunge, ambacho kilikusanya yaliyotokea mchana. Wabunge wa upinzani walipinga kwa nguvu, na siku hiyo Bunge lenyewe halikukalika.

Hatutaki kuifanya habari hii kuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa. Hoja ya gharama si hoja ya kuchekwa. Kuendesha matangazo ya siku nzima ni fedha, na sisi tuliofundisha darasa la watoto tisini na vitabu kumi na viwili twajua fedha ya Serikali huisha. Tena tuseme kweli: nani hapa Ibaba alikuwa akikaa mbele ya televisheni saa nne za asubuhi siku ya kazi? Wakati wa palizi ya mahindi au kuvuna pareto hakuna. Waliotazama walikuwa wachache, wenye duka, wastaafu, na mgonjwa aliyelala sebuleni. Mtu akisema kwamba kwa ajili ya hao wachache taifa haliwezi kulipa, atakuwa amesema neno lenye uzito.

Lakini tazameni hao wachache walifanya kazi gani. Jioni mwenye duka alisimulia alivyomsikia waziri akijibu. Mstaafu naye, ambaye aliona kikao kile kile, akamkatiza: hapana, hakusema hivyo, alisema watalitazama katika bajeti ijayo. Wakabishana. Na sisi tuliotoka shamba tulipata, kwa ubishi wao, kitu kilichokaribia ukweli kuliko alichosema mmoja wao peke yake. Wasimulizi wawili walioona kitu kimoja hurekebishana wenyewe. Wanne wakiwapo ni bora zaidi, na Kanisa liliona busara kuhifadhi Injili nne, halikuzikoroga kuwa moja. Yalipobaki matangazo ya usiku tu, wote tulitazama kipande kile kile kilichokatwa na mtu yule yule tusiyemjua, na ubishi wa mezani ukabadilika. Hapakuwa tena na wa kusema "hakusema hivyo." Palikuwa na wa kusema "simwamini" na wa kujibu "mimi namwamini." Ni ubishi wa namna nyingine kabisa, na hauna mwisho, kwa kuwa hakuna mahali pa kwenda kuangalia.

Hapo ndipo twaona hasira ya haki ilipo. Mchambuzi ana haki ya kusema apendavyo, hata akosee, hata apendelee, maadam kitu cha kwanza kipo na mwananchi aweza kukifikia. Wakenya walipowaona wagombea wao wanane wa urais wakisimama pamoja Nairobi tarehe 11 Februari 2013, uchambuzi uliofuata ulikuwa na mizani ya kupimiwa. Hata tarehe 26 Julai 2022, Bw. Ruto aliposimama peke yake kwa kuwa mwenzake alikataa kuja, mtazamaji aliona kwa macho yake kwamba upande mmoja ni mtupu, na wachambuzi wasingeweza kuujaza. Ubaya huanza pale uchambuzi unapokuwa ndio kitu pekee tulichonacho. Na ubaya huo haukuisha kwa kuja kwa simu. Kipande cha hotuba cha nusu dakika, chenye muziki wa huzuni chini yake na maandishi mekundu juu, ni sinema ya marudio iliyojivika nguo za ile ya kwanza. Twaogopa hicho kuliko mabwana watatu wenye suti, maana wao angalau hukubali kwamba wanachambua.

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu tulifundishwa namna ya kufundisha somo la ufahamu. Watoto hupewa habari, wakaisoma, kisha wakajibu maswali. Kila mwalimu anamjua mtoto ambaye huruka habari na kwenda moja kwa moja kwenye maswali, akabahatisha majibu kutoka katika maswali yenyewe. Jambo la ajabu ni kwamba mara nyingi hupata sita kwa kumi. Kwa hiyo haoni sababu ya kubadilika. Tukiwa watu wazima mbele ya televisheni twafanya kama yeye: hotuba ilikuwa ya saa mbili, tumeikosa au imetuchosha, na mchambuzi ametupa ya dakika tano. Kisha twamkasirikia mchambuzi, ingawa sisi ndio tuliomwachia kazi yetu. Kuna hasira nyingine ambayo kwa kweli ni uvivu uliopata aibu.

Mwalimu Nyerere, katikati ya kazi zote alizokuwa nazo, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 akaitoa tena yenye masahihisho kwa jina la Juliasi Kaizari. Alirudia kazi yake mwenyewe kwa kuwa aliona yaweza kuwa bora. Huyo ni mtu aliyekiheshimu kitu cha kwanza. Tulipokuwa tukiisoma na wanafunzi, tulikaa sana kwenye mazishi. Kaizari ameuawa. Bruto asimama na kueleza sababu, na umati wote wasema ni kweli, auawe. Kisha Antonio asimama juu ya maiti ile ile, aeleza tena, na umati ule ule waenda kuchoma nyumba. Muda uliopita kati ya hotuba hizi mbili hautoshi kupika ugali. Wanafunzi daima waliuliza nani alisema kweli, Bruto au Antonio. Lakini katika umati ule hakuna aliyekuwapo Kaizari alipouawa; wote walikuwa wakisikiliza uchambuzi. Na mtu wa kwanza kuuawa kwa hasira yao alikuwa mshairi aliyefanana jina tu na mmoja wa wale wauaji. Alijaribu kuwaeleza kwamba yeye siye. Hawakuwa na nafasi ya kusikiliza.

Katika ibada yetu tumezoea jambo moja ambalo labda hatulifikirii tena. Injili husomwa sisi tukiwa tumesimama, kisha twaketi, na mhubiri hueleza. Mhubiri aweza kuwa mzuri sana kuliko msomaji, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Hata hivyo hatusimami kwa ajili yake. Na hakuna mhubiri, hata mwenye haraka ya kwenda mtaa wa pili kabla ya mvua, anayethubutu kuanza kueleza somo lisilosomwa.

Kule Uganda, katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, bwana mmoja aitwaye Nabwana alitengeneza sinema ya mapigano kwa fedha kidogo sana na kuitoa mwaka 2010. Yaitwa Who Killed Captain Alex? nayo imetazamwa duniani kote. Tulioneshwa na mjukuu. Juu ya picha kuna sauti ya msimulizi, VJ Emmie, ambaye hupiga kelele za furaha, hutania, hutangaza sinema nyingine, na kwa kweli huchekesha. Tukamwuliza mjukuu kama aweza kutuonesha ile isiyo na msimulizi, tujue watu wale wanasema nini hasa. Akasema haipo. Kompyuta ya mtengenezaji ilikuwa ndogo, na nafasi ilihitajika kwa kazi nyingine. Nakala isiyo na sauti ya msimulizi imepotea. Iliyobaki ni ile yenye VJ Emmie tu. Tulicheka mpaka mwisho, lakini tangu hapo kila mara mhusika anapofungua kinywa twatamani yule bwana anyamaze kidogo.

Habari za Bunge hazijafikia huko, ashukuriwe Mungu. Hansadi, yaani Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, huandikwa neno kwa neno, na vijana wenye simu waweza kuifungua. Wastaafu wachache hapa kwetu tumejaribu. Tulichagua jibu moja la waziri kuhusu barabara, ambalo lilikuwa limechambuliwa kwa wiki nzima, tukamwita kijana asiyehitaji miwani asome kwa sauti. Hansadi ni ndefu na ina adabu nyingi. Mheshimiwa Spika hutajwa katika kila pumzi. Baada ya nusu saa watu wanne waliondoka. Waliobaki waligundua kwamba swali la nyongeza, ambalo hakuna mchambuzi aliyelitaja, ndilo lililokuwa na habari ya barabara yetu. Akina mama waliokaa nyuma wakaomba waelezwe, na kijana akaanza kuyatia maneno yale katika Kindali, kwa mikono na kwa sauti ya waziri, akiongeza na ya kwake mawili matatu. Alikuwa hodari. Wote walicheka. Mzee mmoja akamshika mkono akamwambia, "Mjukuu wangu, maliza kwanza kusoma."